Mahali na Wakati wa Kusomea Afya ya Umma

Msafiri hujiuliza mambo mawili kabla ya kufunga mzigo wake: aendako, na siku ya kuondoka. Mwanafunzi naye ni msafiri. Akichagua chuo amechagua walimu, vitabu, rafiki, na hata makosa atakayorudi nayo nyumbani. Akichagua wakati ameamua kama atasoma ili aijue kazi asiyoianza bado, au ili aielewe kazi iliyokwisha kumtoa jasho. Katika elimu nyingi uchaguzi huu ni wa mtu mwenyewe, na faida yake au hasara yake huishia mlangoni pake. Katika elimu ya afya ya umma sivyo. Mtu akikosea mahali pa kuisomea, hasara huwafikia watu wasiomjua hata kwa jina: mtoto anywaye maji ya kisima kibovu, mama akaaye mbali na zahanati, mkulima aliyekonda kwa safura. Kwa sababu hiyo yafaa kutazama jinsi swali la mahali na wakati lilivyoamuliwa hapo zamani, maana majibu yaliyotolewa miaka zaidi ya 100 iliyopita yangali yakitawala vyuo vya leo.

Shahada za afya ya umma si kongwe. Uganga wa mtu mmoja mmoja umefundishwa kwa karne nyingi, lakini uganga wa mji mzima ulianza kupewa vyeti katika karne ya 19. Chuo cha Trinity mjini Dublin kilianza kutoa diploma yake mwaka 1871, na Cambridge ikafuata mwaka 1875. Katika Uingereza sheria ya mwaka 1888 iliagiza kwamba madaktari wakuu wa afya katika wilaya kubwa wawe na diploma ya namna hiyo. Ujerumani ilishika njia nyingine. Huko Munich, Max von Pettenkofer alipewa kiti cha ualimu wa elimu ya usafi mwaka 1865, akaigeuza elimu hiyo kuwa kazi ya maabara: kupima hewa, maji, udongo na chakula. Tangu mwanzo, basi, palikuwa na njia mbili. Waingereza walimfundisha ofisa atakayekwenda kusimamia mitaro na masoko. Wajerumani walimfundisha mtaalamu atakayetafuta asili ya mambo. Kila njia ilikuwa na fadhila yake, na kila moja ilikuwa na upofu wake.

Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, haikuwa imeshika hata njia moja kwa nguvu. Katika wilaya nyingi ofisa wa afya alikuwa daktari mwenye wagonjwa wake wa kumlipa, aliyepewa ujira mdogo ili aitupie macho afya ya watu wote kila apatapo nafasi. Mara nyingi cheo hicho kilitoka kwa wanasiasa, na kilikwenda pamoja nao walipoanguka. Mtu huyo hakuwa mbaya. Hakuwa amefundishwa kazi yenyewe, wala hapakuwa na mahali pengi ambapo angeweza kwenda kufundishwa.

Maradhi yaliyoifunua aibu hiyo yalikuwa safura. Mwaka 1909 tajiri John D. Rockefeller alitoa dola milioni 1 ili safura iondolewe katika majimbo ya kusini ya nchi ile, ambako watu maskini walikuwa wakitembea bila viatu juu ya udongo uliojaa mabuu ya mnyoo. Mabuu hao hupenya ngozi ya mguu, husafiri mwilini mpaka matumboni, na huko hufyonza damu. Mtu mwenye safura huwa mnyonge, uso humpauka, na majirani humwita mvivu. Dawa ya kuwatoa minyoo ilijulikana. Kinga nayo ilikuwa rahisi kuitaja, yaani choo na viatu. Mkuu wa kazi hiyo alikuwa Wickliffe Rose, mtu wa Tennessee, aliyekuwa mwalimu wa falsafa wala si daktari. Zahanati za muda ziliwekwa katika wilaya, na watu walikuja kwa magari ya farasi kutoka mashambani, wakasubiri zamu, wakachungulia katika hadubini wawaone adui zao.

Kazi ile ilimfundisha Rose jambo ambalo hesabu ya wagonjwa peke yake haikuweza kumfundisha. Aliona kwamba zahanati ya muda ikiondoka, maradhi hurudi, kwa sababu hakuna mtu aliyeachwa nyuma mwenye ujuzi, mshahara na mamlaka ya kuendelea na kazi. Dawa ilikuwapo na fedha zilikuwapo; waliokosekana ni watu. Kwa hiyo, kazi ya safura ilipokaribia kwisha mwaka 1914, swali likageuka. Halikuwa tena namna ya kumponya mgonjwa wa safura, bali mahali pa kumsomesha mtu atakayelinda wilaya yake isipatwe na safura, wala homa ya matumbo, wala ndui.

Tarehe 16 Oktoba, 1914, watu ishirini hivi walikutana mjini New York kulizungumza swali hilo. Baadhi yao walikuwa mabingwa wa afya, na wengine walikuwa wakuu wa mashirika yaliyoendeshwa kwa fedha za Rockefeller. Walikubaliana kwamba wafanyakazi wa afya ya umma ni wa namna tatu. Wa kwanza ni wakuu wenye madaraka ya kuamua na kuamrisha. Wa pili ni mafundi wa elimu maalumu, kama wachunguzi wa vijidudu, wahandisi wa maji na wenye kutunza takwimu. Wa tatu ni wale waendao kwa miguu nyumba hadi nyumba, yaani wakaguzi na wauguzi. Wote waliona kwamba namna hizi tatu zinahitajiwa. Hawakuwa na neno moja juu ya chuo kimoja kuwafundisha wote, wala juu ya nani aanze kufikiriwa.

Kazi ya kuandika mpango walipewa watu wawili ambao, kwa mwendo wa maisha yao, wasingeweza kuandika jambo moja. Mmoja alikuwa Rose huyo wa mashambani. Wa pili alikuwa William Henry Welch wa Baltimore, aliyezaliwa mwaka 1850, bingwa wa elimu ya magonjwa, ambaye katika mwaka 1884 na 1885 alikuwa Ujerumani akijifunza elimu ya usafi na ya vijidudu kwa Pettenkofer na kwa Robert Koch. Rose alitaka chuo kikuu kimoja cha kitaifa kilichozungukwa na shule nyingi za majimbo. Shule hizo zingetoa masomo mafupi kwa maofisa waliokwisha kuwa kazini, na walimu wake wangetoka kwenda wilayani, kama walivyokuwa wakifanya mabwana shamba wa Marekani waliopeleka elimu ya kilimo mpaka shambani kwa mkulima. Welch alitaka taasisi ya elimu ya usafi, yenye maabara nzuri na wachunguzi hodari, iliyoshikamana na chuo kikuu na shule bora ya utabibu.

Rose aliandika kwanza. Welch, aliyekuwa na sifa ya kuchelewesha barua na kazi za kuandika, alichukua muda, kisha akaandika upya. Taarifa iliyotoka mwaka 1915 yajulikana kwa majina yao wawili, lakini mkono ulioshika kalamu mwishoni ulikuwa wa Welch. Shule za majimbo zilififia ndani yake, maabara zikang'aa. Si kwamba mtu aliusimamia mpango wa Rose akaupinga hadharani. Ulipungua neno kwa neno katika kuandikwa upya, kama mchanga upunguavyo ufukoni, mpaka siku ya kuutafuta haukuonekana.

Likabaki swali la mji. Wakuu wa mfuko wa Rockefeller walikitembelea Chuo Kikuu cha Harvard katika Boston, Columbia katika New York, Pennsylvania katika Philadelphia, na Johns Hopkins katika Baltimore. Kila kimoja kilikuwa na hoja. Harvard, pamoja na chuo cha ufundi cha Massachusetts, ilikuwa na shule ya maofisa wa afya tangu mwaka 1913, na wahandisi walikuwa na nafasi kubwa ndani yake. Columbia ilikuwa katika mji mkubwa kuliko yote, wenye idara ya afya iliyosifiwa pande zote, na baadhi ya walimu wake walisema kwamba afya ya umma haiwezi kufundishwa pasipo elimu ya uchumi na ya maisha ya jamii, maana umaskini una sehemu yake katika kila ugonjwa. Johns Hopkins haikuwa na shule ya afya ya umma. Ilikuwa na shule ya utabibu iliyohesabiwa kuwa ya kwanza nchini, ambayo tangu mwaka 1913 baadhi ya maprofesa wake wa hospitali walilipwa mshahara kamili wasitegemee wagonjwa wa binafsi. Tena ilikuwa na Welch.

Mwaka 1916 Baltimore ilichaguliwa, na mwezi wa Juni habari hiyo ilitangazwa. Charles Eliot, aliyekuwa mkuu wa Harvard kwa miaka 40, hakuridhika. Aliona si vyema chuo cha namna hiyo kuwekwa katika mji ulio mdogo kuliko Boston na New York na usio na sifa ya kazi za afya. Msomaji wa leo aweza kudhani kuwa hayo yalikuwa manung'uniko ya mtu aliyekosa. Huenda yalikuwa hivyo, lakini ndani yake palikuwa na swali la haki: je, mahali pa kusomea afya ya umma huchaguliwa kwa ubora wa walimu wake au kwa ubora wa kazi ifanywayo mitaani mwake? Mpishi hufundishwa jikoni. Je, mlinzi wa mji aweza kufundishwa pembeni mwa mji?

Wakati nao ulitoa jibu lake bila kuulizwa. Mwisho wa Septemba 1918 Welch, akiwa na umri wa miaka 68 na mavazi ya kijeshi, alipelekwa kambi ya Devens karibu na Boston, akaona askari vijana wakifa kwa wingi na mapafu yaliyojaa maji na damu. Ilikuwa homa ya mafua iliyoizunguka dunia mwaka ule. Chuo chake kilifungua milango mwezi wa Oktoba, homa ile ikiwa mjini Baltimore, na yeye mwenyewe aliugua. Walimu waliokuwa wamejiandaa kufundisha namna maradhi yaeneavyo waliyaona yakienea nje ya dirisha, na hakuna aliyeijua asili yake. Kirusi cha mafua ya binadamu hakikupatikana mpaka mwaka 1933. Hapo hoja ya Welch ilipata nguvu: pasipo uchunguzi, ofisa hodari kuliko wote ni mtu apiganaye gizani. Lakini hoja ya Rose nayo ilipata nguvu: siku zile kilichoweza kuokoa maisha kilikuwa uuguzi, nafasi kati ya mtu na mtu, na ofisa aliye tayari kufunga majumba ya starehe kabla ya maiti kuzidi majeneza.

Haki yadai kusema kwamba Baltimore haikuwavunjia heshima waliyoichagua. Elmer McCollum alifanya humo uchunguzi wa vitamini, na mwaka 1922 akaeleza habari za vitamini D, ile iwaepushayo watoto na matege. Wade Hampton Frost, aliyefika mwaka 1919, aliifanya elimu ya maenezi ya magonjwa iwe elimu yenye hesabu na taratibu zake. Wanafunzi walitoka nchi nyingi, wakarudi kwao kuwa wakuu wa idara na walimu wa vyuo vipya. Hata hivyo wenye chuo walihisi pengo. Mwaka 1932, wakishirikiana na idara ya afya ya mji, walitenga eneo la mashariki ya Baltimore liwe wilaya ya mafunzo, ili wanafunzi wapate mitaa halisi, nyumba halisi na familia halisi. Hivyo baada ya miaka 14 mtaa ulipewa nafasi ndani ya chuo. Ulikuwapo ng'ambo ya barabara siku zote.

Hayo ni ya mahali. Juu ya wakati, hakuna habari ifunzayo kuliko ya Sara Josephine Baker. Alizaliwa Poughkeepsie, katika jimbo la New York, mwaka 1873. Alipokuwa na miaka 16 baba yake alikufa kwa homa ya matumbo, katika mji ulionywa maji ya mto uliotiwa uchafu. Binti aliyekuwa akitazamiwa kwenda chuo cha wasichana wenye nafasi aliamua kusoma utabibu ili awatunze mama yake na dada yake. Alihitimu mwaka 1898. Mwaka 1901 aliingia kazi ya ukaguzi katika idara ya afya ya New York, akapanda ngazi za nyumba za wahamiaji maskini wakati wa joto, msimu ambao watoto wachanga walikufa kwa kuhara kama maua yanyaukavyo juani.

Mwaka 1908 alijaribu jambo jepesi. Wauguzi walipelekwa kwa kila mama aliyejifungua katika mtaa mmoja wa mashariki ya mji, wakamfundisha kunyonyesha, kuogesha mtoto, kumvika nguo nyepesi na kumpa hewa safi. Kwa hesabu aliyoitoa mwenyewe, katika msimu ule watoto waliokufa mtaani humo walipungua kwa 1,200 kuliko mwaka uliotangulia. Mwaka huo huo aliwekwa kuwa mkuu wa ofisi ya afya ya watoto, ya kwanza ya namna yake. Yote haya aliyatenda bila shahada ya afya ya umma. Shahada ilimkuta akiwa ameishi ndani ya somo lake.

Ilimkuta hivi. Mwenzake wa idara ile, William Park, aliyekuwa pia mkuu wa masomo katika Chuo Kikuu cha New York, alimwomba afundishe somo la afya ya mtoto kwa wanafunzi wa shahada mpya ya udaktari wa afya ya umma. Baker alikubali kwa sharti moja: naye aandikishwe kama mwanafunzi aipate shahada hiyo. Akajibiwa kuwa chuo hakipokei wanawake. Akasema kwamba ikiwa hafai kusoma hapo, basi hafai kufundisha hapo. Park alikwenda akamtafuta mwalimu mwingine, na baada ya muda alirudi. Hakumpata mtu aliyelijua somo lile kuliko yule aliyekataliwa. Mlango ukafunguliwa, kwa Baker na kwa wanawake wengine. Mwaka 1917, akiwa na miaka 43, alipata shahada ya udaktari wa afya ya umma, mwanamke wa kwanza kuipata chuoni hapo. Wanaume wa darasani humo hawakumpokea kwa adabu. Walimdhihaki kwa makofi. Alicheka pamoja nao, akafundisha miaka 15.

Waswahili wana methali mbili ambazo zikisimama pamoja hugombana. Moja husema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Nyingine husema, "Haraka haraka haina baraka." Maisha ya Baker yazipatanisha. Hakungoja shahada ndipo aanze kazi, wala hakuikimbilia kabla hajajua ataifanyia nini. Alipofika darasani alikuwa na maswali yaliyoletwa na vifo alivyovihesabu mwenyewe. Mwanafunzi wa namna hiyo haulizi mwalimu amfundishe kila kitu. Auliza kile kimoja kilichomshinda.

Mwendo huo huo waonekana katika maisha ya Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang, aliyesoma utabibu Cambridge. Mwezi wa Desemba 1910, akiwa na miaka 31, alipelekwa Harbin kaskazini ya China kupigana na tauni. Alitambua kuwa tauni ile ilipita katika pumzi, akaagiza watu wazibe pua na mdomo kwa kitambaa cha shashi na pamba. Daktari mmoja Mfaransa aliyemzidi umri alilidharau shauri hilo, akaingia kwa wagonjwa bila kujifunika, na baada ya siku chache akafa. Tauni iliua watu wapatao 60,000 kabla ya kuzimwa mwaka 1911. Mtu aliyetenda hayo angeweza kudhani kuwa amekwisha kuhitimu. Lakini katikati ya miaka ya 1920 Wu alikaa tena katika kiti cha mwanafunzi, akaisomea shahada ya afya ya umma Johns Hopkins. Vita vya tauni alikuwa amevishinda. Kujenga utaratibu wa afya wa nchi kubwa ni elimu nyingine, na alikubali kuwa hakuwa nayo yote.

Lakini si kila mtu aliyeachiwa nafasi ya kuchagua. Paul Cornely alizaliwa Guadeloupe mwaka 1906, akalelewa Marekani katika zama ambazo rangi ya ngozi iliamua hospitali gani itampokea daktari na chuo gani kitampokea mwanafunzi. Alisoma utabibu katika Chuo Kikuu cha Michigan, akahitimu mwaka 1931, na mwaka wake wa mazoezi aliufanya katika hospitali ya watu weusi huko Durham, Carolina ya Kaskazini. Kisha akarudi Michigan, na mwaka 1934 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari wa afya ya umma. Mwaka huo alikwenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Howard, akatumia sehemu kubwa ya maisha yake kudai hospitali zifunguliwe kwa watu wote. Mwaka 1970 alikuwa rais wa chama cha afya ya umma cha Marekani, mweusi wa kwanza katika kiti hicho. Kwake swali la mahali halikuwa chuo kipi kina maabara nzuri, bali chuo kipi kina mlango. Yampasa kila asifuye mpango wa mwaka 1916 akumbuke kwamba chuo bora kisichomfungulia mtu ni kwake sawa na chuo kisichojengwa.

Afrika Mashariki iliingia katika habari hii kwa njia ya London. Mwaka 1899 Patrick Manson alifungua shule ya magonjwa ya nchi za joto penye gati za meli mashariki ya London. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu iliyo wazi: mabaharia waliorudi kutoka Afrika na Bara Hindi walikuwa wakishuka na homa zao hapo. Baadaye, kwa dola milioni 2 zilizoahidiwa na mfuko ule ule wa Rockefeller mwaka 1922, shule hiyo ilikuzwa kuwa chuo cha elimu ya usafi na utabibu wa nchi za joto, na jumba lake jipya katikati ya mji likafunguliwa mwaka 1929. Madaktari wengi wa serikali ya kikoloni walipitia huko kabla ya kuja Tanganyika, Kenya na Uganda. Walijifunza malaria katika mji usio na mbu wake, na kichocho mbali na maziwa kinapoambukizwa. Chuo cha Makerere kilikuwa kikifundisha utabibu tangu mwaka 1924, na Dar es Salaam ikapata shule yake ya madaktari mwaka 1963. Lakini mwenyeji aliyetaka kuendelea na masomo ya juu ya afya ya umma, kwa muda mrefu, njia yake ilikuwa ya kuvuka bahari.

Kuvuka bahari kulikuwa na faida isiyokanushika. Mtu alipata maktaba kubwa, wenzi wa mataifa mengi, na macho ya kuitazama nchi yake kwa mbali. Kulikuwa na gharama pia, na si ya nauli tu. Kwa mwaka mzima au zaidi wilaya ilikaa bila daktari wake. Mifano ya darasani ilitoka katika miji yenye mabomba na rejista kamili za vifo, na mwanafunzi alibaki peke yake na kazi ya kuifasiri kwa mahali pasipo na vyote viwili. Tena wako waliozoea huko wasirudi. Hakuna wa kuwalaumu kwa jumla. Lakini kila asiyerudi aliongeza idadi ya vijiji vilivyokuwa vikimngojea.

Ndipo likatokea jambo ambalo Rose, aliyekufa mwaka 1931, angelitambua kwa furaha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mfuko wa Rockefeller ulisaidia kuanzisha shule za afya ya umma zilizoitwa shule zisizo na kuta. Zimbabwe ilianza mwaka 1993; Ghana, na Uganda kwa njia ya Makerere, zikafuata mwaka 1994. Mwanafunzi alikaa darasani kwa vipindi, kisha akaitumia sehemu kubwa ya masomo yake wilayani, chini ya msimamizi, akichunguza mlipuko wa maradhi unaotokea na si ule wa kitabuni, na akiandika mipango itakayotumika kweli. Wilaya haikumpoteza mtu wake, ilimsomesha. Tangu mkutano wa New York mpaka hapo ilikuwa imepita miaka 80. Wazo lililofutwa neno kwa neno katika taarifa ya mwaka 1915 lilirudi kwa mkono wa mfuko ule ule, likaota katika ardhi ya Afrika.

Leo shahada hiyo yapatikana Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, na ng'ambo pia milango ni mingi kuliko zamani. Kijana mwenye nia hakosi pa kwenda. Pengine wingi wa njia ndio umtatizao. Historia haimwambii aende mji gani, maana haikumjua. Yamwonyesha tu kwamba Welch na Rose wote wawili walikuwa na sehemu ya kweli, na kwamba hasara ilikuja pale sehemu moja ilipoifuta nyingine. Palipo na maabara bila mtaa, mwanafunzi hujua maradhi asijue watu. Palipo na mtaa bila maabara, huwajua watu asijue kinachowaua. Chuo kifaacho ni kile kilicho na njia ya kutoka na kuingia kati ya viwili hivyo, kiwe karibu au mbali, na chenye mlango ulio wazi kwa ajili yake.

Na wakati? Mtu aweza kuupima kwa kipimo alichokiacha Baker bila kukusudia. Wakati umefika pale mtu anapolijua swali ambalo kazi yake imemwuliza na hawezi kulijibu kwa juhudi peke yake. Kabla ya hapo atakusanya majibu yasiyo na maswali, na cheti kitang'aa ukutani. Akikawia sana baada ya hapo, swali litaendelea kuulizwa, na watakaolijibu kwa maisha yao ni wale watoto wa ngazi za juu, katika msimu wa joto, ambao hakuna aliyewapandia.